Kosa Moja kwa Wakati Mmoja: Kuwa Kocha wa Nafsi Yako Mbele za Mungu



Katika mwaka wangu wa kichungaji nilipangiwa kigango kimoja kilicho mbali na parokia. Huko kulikuwa na mzee mmoja wa jumuiya, macho yake yamechoka, anaishi na mjukuu ambaye bado hajajua kusoma vizuri. Jumapili moja baada ya ibada akanishika mkono, akanivuta pembeni: "Frateri, kuna barua ya mambo ya shamba imeletwa. Nataka unisomee wewe. Majirani sitaki wajue mambo yangu." Nikamjibu bila hata kufikiri, "Sawa babu, nitapita kesho."

Kesho yake sikupita. Wiki iliyofuata tukakutana njiani, nikasema tena nitapita kesho, na wakati natamka maneno yale nilijua kabisa kwamba kesho nina safari ya parokiani. Mara ya tatu akamtuma mjukuu. Nikamwambia mtoto, "Mwambie babu niko njiani." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti naangalia mpira.

Nilipofika kwa mzee, siku kumi na tisa zilikuwa zimeshapita tangu aniombe. Nikafungua bahasha. Alitakiwa afike na vielelezo vyake tarehe fulani, na tarehe hiyo ilikuwa imepita kwa siku tatu. Nikamsomea. Akakaa kimya kidogo, akatazama chini, halafu akasema, "Haya. Kaa basi unywe chai."

Angenigombeza ningejisikia nafuu. Baadaye alipangiwa tarehe nyingine, baada ya safari mbili za kwenda mjini na kurudi. Nauli ya safari hizo aliitoa yeye, siyo mimi.

Naanza na habari hii kwa sababu nataka tuzungumze juu ya kubadilika, na sitaki tuzungumze hewani. Mitandaoni wamejaa watu wa kukufundisha uwe kocha wa maisha yako: amka saa kumi alfajiri, oga maji ya baridi, andika malengo hamsini, jiambie wewe ni simba. Mengine ni mazuri, siyadharau. Lakini mimi nilikuwa na daftari la malengo tayari! Lilikuwa na kurasa nne. Nilikuwa nimeandika nitasali zaidi, nitasoma zaidi, nitafanya mazoezi, nitapunguza simu. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mimi ni mwongo. Maana "nitapita kesho" kwangu haukuwa uongo, ilikuwa ni lugha tu. Nani hasemi "niko njiani" akiwa bado anatafuta soksi?

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Mazoea yakishakomaa hayaonekani tena kama jambo unalolitenda. Yanakuwa kama lafudhi yako. Wengine wanaisikia, wewe huisikii.

Niliungama jambo lile, na kwa kweli niliungama kwa machozi. Wiki mbili baadaye nikajikuta namwambia mama mmoja wa kwaya, "Nimeshampigia paroko, amesema sawa," wakati sijampigia mtu yeyote. Nikarudi kwa mlezi wangu wa kiroho nikiwa nimekata tamaa. Nikamwambia, Baba, mimi naona kitubio changu hakikuwa cha kweli, maana ningekuwa nimejuta kweli nisingerudia. Hakunijibu moja kwa moja. Aliniuliza: "Tangu uungame, umefanya nini kuhusu jambo hili, ukiacha kusikitika?"

Nikakosa jibu. Na nadhani wengi wetu tungekosa. Tunamaliza kitubio, tunasali malipizi, tunatoka kanisani tumejaa furaha, halafu tunarudi kwenye chumba kilekile, simu ileile, marafiki walewale, saa zilezile, tukitegemea kwamba safari hii itakuwa tofauti kwa sababu safari hii tumeumia zaidi.

Naomba mnivumilie kidogo kwa falsafa, maana hapa inasaidia kweli. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili yake kwa Nikomako, anasema fadhila hatuzaliwi nazo wala hatuzipati kwa kusikiliza mafundisho tu. Mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo anakuwa mtu wa haki kwa kutenda mambo ya haki. Ukilipokea hilo kwa uzito, linatisha kidogo, kwa sababu upande wa pili wake nao ni kweli. Anayejenga vibaya kila siku anazidi kuwa mjenzi mbaya. Kila "niko njiani" yangu ilikuwa ni tofali.

Mtakatifu Thoma wa Akwino akachukua jambo hili akalipeleka mbele. Katika Summa, sehemu anayozungumzia mazoea ya nafsi, anaonyesha kwamba tendo moja kwa kawaida halitoshi kujenga fadhila ndani yetu. Yanahitajika matendo mengi, kama vile kuni mbichi haishiki moto kwa cheche moja. Mfano wa kuni ni wangu, msije mkamsingizia Mtakatifu Thoma. Halafu anasema jambo ambalo kila kijana anayetoka kwenye kiti cha kitubio angepaswa kuambiwa. Anauliza: mtu aliyesamehewa amepewa neema, na pamoja na neema amepewa upendo wa Mungu na fadhila zinazoandamana nao, kwa nini basi bado anaona ugumu kutenda mema? Jibu lake ni kwamba matendo ya zamani yameacha mabaki. Dhambi imeondolewa kweli, neema ipo kweli, lakini mwili na akili bado zinakumbuka njia ya zamani, kama mguu unavyojua njia ya nyumbani hata gizani.

Niliposoma hilo nikiwa mwanafunzi niliandika mtihani, nikapata alama nzuri, nikalisahau. Nimekuja kulielewa kigangoni. Wewe uliyeungama Jumamosi na Jumatatu ukavutwa tena na kubeti, au picha chafu, au ule umbea wa kwenye kundi la WhatsApp: kuvutwa siyo ushahidi kwamba Mungu hakukusamehe. Ni mabaki. Na mabaki yanafanyiwa kazi.

Karatasi ya Mtakatifu Inyasi

Mlezi wangu alichukua karatasi ya kawaida akachora mistari kumi na minne, miwili miwili, kila jozi kwa siku moja ya wiki. Mstari wa juu wa mchana, wa chini wa usiku. Akasema, "Hii ni ya Inyasi. Ina karibu miaka mia tano na bado inafanya kazi."

Inyasi wa Loyola tunamfahamu: mtu wa vita aliyevunjwa mguu na mzinga kule Pamplona mwaka 1521, akaongoka akiwa kitandani, baadaye akaanzisha Shirika la Yesu. Mwaka 1522 alifika Manresa, akakaa huko miezi mingi katika sala na mapambano makali ya ndani, na humo ndimo lilimochipuka lile kitabu dogo linaloitwa Mazoezi ya Kiroho, ambalo Papa Paulo III alilithibitisha mwaka 1548. Jina lenyewe ni la mtu wa mazoezi. Inyasi anasema mwanzoni kabisa kwamba kama kutembea na kukimbia ni mazoezi ya mwili, basi iko pia namna ya kuiandaa nafsi. Kwa hiyo ukitaka kusikia habari za kocha ndani ya Kanisa, huyu hapa. Na Mtume Paulo alimtangulia, maana katika 1 Wakorintho 9 anajilinganisha na mkimbiaji na mpiga ngumi anayeutiisha mwili wake.

Katika kitabu hicho kuna uchunguzi wa dhamiri wa aina mbili. Mmoja ni wa jumla, ule tunaoufahamu wa kupitia siku nzima kabla ya kulala. Wa pili tunausahau: uchunguzi wa jambo moja maalumu. Yaani unachagua kosa moja. Moja tu! Hapa ndipo mimi nilipobishana na mlezi. Nilimwambia nina makosa kama kumi, nikianza na moja hayo tisa tutayafanyaje? Akacheka, akaniuliza kama nimewahi kupalilia shamba. Huwezi kupalilia matuta yote kwa pigo moja la jembe.

Utaratibu wenyewe ni huu. Asubuhi, ukiamka tu, kabla ya simu, unakusudia kwa jina kosa ambalo leo utajilinda nalo. Hausemi "nitakuwa mtu mwema", unasema "leo sitaahidi nisichokusudia kutenda". Baada ya chakula cha mchana unasimama dakika chache. Unamwomba Mungu neema ya kukumbuka ni mara ngapi umeanguka, na neema ya kujirekebisha. Halafu unapitia saa kwa saa tangu ulipoamka, na kila ulipoanguka unaweka nukta kwenye mstari wa kwanza. Baada ya chakula cha usiku unafanya vilevile kwa saa za mchana mpaka jioni, nukta zinakwenda mstari wa pili.

Inyasi anaongeza mambo madogo ya kusaidia. La kwanza nalipenda sana. Kila unapoanguka, palepale, unaweka mkono kifuani kwa majuto. Basi. Anasema unaweza kulifanya hata mbele za watu wasijue unafanya nini. Nimelifanya kwenye daladala, nimelifanya kwenye kikao cha parokia, na hakuna aliyegundua. Labda walidhani nina kiungulia. Lakini mkono ule unafanya kazi kubwa, kwa sababu unakatisha usingizi wa mazoea. Kosa lililokuwa linapita bila kuonekana sasa linaacha alama mwilini.

Mengine ni ya kulinganisha: usiku unatazama kama mstari wa pili una nukta chache kuliko wa kwanza, kesho unalinganisha na leo, na Jumamosi unalinganisha wiki hii na iliyopita. Katika mchoro wa Inyasi mwenyewe alama za siku zinaanza kubwa na kuzidi kupungua kadiri wiki inavyosonga, kwa sababu matarajio ni kwamba kosa litazidi kupungua. Kupungua, jamani. Hakutegemea liishe Jumatatu. Na Diego Laínez, mmoja wa wenzake wa kwanza, alishuhudia kwamba Inyasi mwenyewe, akiwa tayari kiongozi wa shirika, aliendelea kulinganisha siku na siku, wiki na wiki, mwezi na mwezi.

Nukta zinasema nini

Wiki yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Siku ya kwanza nilipata nukta mbili, nikajiona mtakatifu. Siku ya tatu nilipata kumi na moja. Siyo kwamba nilikuwa nimeharibika zaidi, ila macho yalikuwa yameanza kufunguka. Kwa hiyo nakuambia mapema: ukianza, nukta zitapanda kwanza. Usiogope, wala usitupe karatasi.

Wiki ya pili mlezi akaniambia nitazame nukta zilikuwa zinaangukia wapi. Nikagundua mambo ambayo kwa kufikiri tu nisingeyaona. Asubuhi karibu hakuna. Nyingi zilikuwa baada ya ibada, watu wanapokuja kunisalimia, kila mmoja na ombi lake. Na karibu zote nilikuwa nimewaambia watu wazima kuliko mimi, watu wanaonita "Frateri" kwa heshima. Vijana wenzangu niliwaambia "siwezi" bila shida. Kumbe tatizo langu halikuwa uvivu kama nilivyodhani. Nilikuwa naogopa kuona uso wa mtu ukibadilika pale ninapomwambia hapana. Nilikuwa nanunua tabasamu la dakika moja, na bei yake wanalipa wao baadaye. Yule mzee alilipa kwa nauli.

Hili ni jambo ambalo malengo ya mwaka mpya hayakuonyeshi. Malengo yanatazama mbele tu. Nukta zinakuambia saa ngapi, mahali gani, mbele ya nani. Kijana anayesema "nataka niache simu usiku" anaweza kukuta nukta zake zote ziko siku alizogombana nyumbani. Anayekunywa anaweza kukuta ni Ijumaa tu, na ni kwa rafiki mmoja tu. Ukishajua hivyo, unajua pa kusimamisha mlinzi.

Halafu ni lazima uweke kitu pale ulipotoa kitu. Yesu katika Luka 11 anasimulia habari ya pepo aliyetoka, akarudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, akawaleta wengine saba. Fadhila ni nyumba yenye mwenyeji. Mimi nilipewa sentensi ya kuweka mahali pa "nitapita kesho". Ilikuwa fupi: "Babu, kesho siwezi. Naweza Alhamisi saa kumi." Mwanzoni ilinikwama kooni kama mfupa wa samaki. Na nikawa naandika palepale kwenye daftari dogo, mbele ya mhusika. Watu wengine walicheka, eti frateri amekuwa karani. Sawa tu.

Miezi mitatu ya Matt Talbot

Mtasema kuchelewa na kuahidi ovyo ni makosa ya watoto, vipi kuhusu mambo yanayofunga watu kwa minyororo? Kwa hilo nina mtu mwingine wa kuwaonyesha, mlei, tena maskini. Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1856, katika familia ya watoto wengi. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na miwili kwenye biashara ya mvinyo, na muda si mrefu akawa mlevi kabisa. Mshahara wote ulikwenda kwenye pombe. Inasimuliwa kwamba yeye na wenzake waliwahi hata kumwibia fidla mpiga muziki wa mtaani wakaiuza wapate cha kunywa.

Jumamosi moja ya mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hana senti, alisimama karibu na kilabu akitegemea rafiki zake waliopokea mshahara wamwite. Hao ndio aliowanunulia yeye mara nyingi. Wakapita mmoja mmoja. Hakuna aliyemwita. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kutokunywa. Akaenda kwa padre, akaungama, akaweka ahadi ya miezi mitatu.

Miezi mitatu! Hakuweka ya maisha, maana hakujiamini, na alikuwa na sababu ya kutokujiamini. Inasemekana katika miezi ile alimwambia mama yake kwamba muda ukiisha atakunywa tena. Ulipoisha akaongeza miezi sita. Ndipo baadaye akaweka ya maisha yote. Alikufa Juni 7, 1925, akianguka njiani akielekea Misa, na katika miaka ile yote arobaini na moja hakurudia pombe. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua kwamba aliziishi fadhila za Kikristo kwa ushujaa.

Tazameni alivyofanya, maana hakutegemea hisia. Aligundua kwamba hela ikiwa mfukoni miguu inajua njia ya kilabu, akaacha kutembea na hela. Zile saa za jioni alizozoea kunywa akazipeleka kanisani, akakaa humo mpaka achoke. Akaanza kwenda Misa kila siku alfajiri kabla ya kazi. Akalipa madeni yake kwenye vilabu. Yule mpiga fidla alimtafuta mjini asimpate, basi akatoa fedha ya Misa kwa ajili yake. Baadaye alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Ukitaka kuita hiyo mbinu, iite. Mimi naona ni mtu anayejifahamu vizuri na anayejua kwamba peke yake hawezi.

Kijana anayebeti, kwa mfano, anaweza kujifunza kitu hapa. Kusema "sitabeti tena maisha yangu yote" ni rahisi saa ileile timu imekuangusha. Kufuta programu kwenye simu leo, kumpa dada yako au rafiki unayemwamini akutunzie hela kwa wiki mbili, na kuweka ahadi ya mpaka tarehe fulani ni jambo dogo zaidi na gumu zaidi.

Nani ndiye kocha?

Hapa lazima tuwe waangalifu. Mwanzoni mwa karne ya tano Mtakatifu Augustino alipambana na mafundisho ya Pelagio, kwamba mtu akitaka kweli, nguvu zake zinatosha kutenda mema yote. Augustino alijua kwa ngozi yake kuwa siyo hivyo. Katika Maungamo anaeleza jinsi mazoea yake yalivyomfunga kama mnyororo, akitaka na hataki kwa wakati mmoja, mpaka mwaka 1386... hapana, 386 (mnaona, hata tarehe za babu zetu wa imani zinanichanganya), kule Milano, Mungu alipomfungua. Papa Fransisko naye, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2018 juu ya wito wa utakatifu, alionya kwamba kosa la Pelagio bado liko hai kati yetu.

Na kwa kweli karatasi yangu ilitaka kunifanya Mpelagio mdogo. Wiki ya tano nilikuwa na siku mbili bila nukta hata moja. Nikaanza kujisifu moyoni. Nikaanza hata kuwahukumu wenzangu wanaochelewa. Mlezi alipoona karatasi hakunipongeza. Aliuliza tu kama bado nilikuwa naomba ile neema kabla ya kuhesabu. Nilikuwa nimeacha. Nilikuwa nahesabu tu, kama mtu anayehesabu hatua zake kwenye simu.

Tofauti ya uchunguzi huu na ule wa makocha wa mitandaoni iko hapo. Kwa makocha mimi ndiye mchezaji, mimi ndiye kocha, mimi ndiye refa, na nikishindwa hakuna wa kunihurumia. Kwa Inyasi nahesabu nikiwa mbele ya mtu anayenipenda. Petro alipomkana Yesu mara tatu, mtu aliyejua hesabu hiyo vizuri alikuwa Yesu mwenyewe, na alimuuliza mara tatu kama anampenda, basi.

Kuna wenzetu ambao njia hii haiwafai, au haiwafai kwa sasa. Mtu mwenye dhamiri ya wasiwasi, anayeona dhambi kila mahali na kuungama jambo moja mara saba, asichukue karatasi hii bila kuzungumza na padre wake. Inyasi mwenyewe kule Manresa aliteswa na wasiwasi wa namna hiyo mpaka akajaribiwa kujiua, na alisaidiwa kwa kumtii mwungamishi wake, siyo kwa kujichunguza zaidi. Vilevile, ukiona mwili wenyewe umeshafungwa na pombe au dawa za kulevya, au moyo umejaa giza la kutotaka kuishi, tafuta daktari pamoja na padre. Kwenda hospitali siyo upungufu wa imani.

Kwa anayetaka kuanza, anza leo usiku. Usisubiri Kwaresima wala Januari. Usichague kosa kubwa kuliko yote. Chagua lile linaloumiza mtu mwingine, maana hilo lina uso na utalikumbuka. Weka muda mfupi, wiki mbili au tatu. Mtafute mtu mmoja wa kumwonyesha karatasi: padre, sista, mlezi wa VIWAWA, au rafiki mwenye kufunga mdomo. Bila huyo mtu wa pili, nakuhakikishia, karatasi itapotea kitandani kufikia siku ya nne.

Baadhi yenu mmeniuliza kama mimi nimeshapona. Mwaka wa kichungaji umeisha, nimerudi masomoni, na karatasi bado iko ndani ya kitabu changu cha Masifu. Wiki hii ina nukta sita, iliyopita ilikuwa na tatu. Kabla ya kuondoka kigangoni nilikwenda kumuaga yule mzee. Nilikuwa nimemwambia Jumanne saa tisa, na saa tisa nilikuwa mlangoni. Mjukuu alinifungulia, akageuka akapaza sauti kwa mshangao wa kweli: "Babu, frateri amekuja leo leo!"

Tuombeane.